Waliposafisha Besi ya Mzee Wangu

Binti yetu ni mmoja, na wanaume waliokuja kumposa walikuwa watatu. Hakuna aliyeulizwa anafanya kazi gani wala ukoo wao unatokea wapi. Waliwekewa kanda.

Mgeni alikalishwa kwenye kiti kilichoielekea televisheni, akapewa chai, na mzee wangu akaiingiza kanda kwenye deki kwa mikono miwili, polepole, kama anayemlaza mtoto aliyesumbua kulala. Kisha mgeni akatazama dakika arobaini na mbili za onyesho la muziki wa roki lililopigwa kabla yeye hajazaliwa. Likiisha, mzee wangu anauliza swali moja tu: "Umeisikiaje besi?"

Wa kwanza, mwalimu wa hesabu, alisema besi imezidi kidogo. Nasikia alioa kwingine na anaendelea vizuri. Wa pili alisinzia. Wa tatu alijigonga kifuani akasema, "Baba, mimi nimeisikia hapa." Huyo ndiye mkwe wangu mpaka leo. Kwamba jibu lile nilimnong'oneza mimi mwenyewe getini, kabla hajavua viatu, ni jambo ambalo halikuwa na haja ya kutangazwa.

Mzee wangu alipanga barua posta miaka thelathini na miwili. Lakini mwulize alikuwa nani, hatakuambia habari za stempu. Atakuambia alikuwa mpiga besi. Kundi lao lilipiga onyesho moja tu maishani, wiki mbili baadaye mwimbaji akaenda masomoni na mpiga gitaa akaajiriwa benki, mambo yakaishia hapo. Onyesho moja, kanda moja, miaka arobaini na moja ya kusimulia.

Na ile kanda, jamani, lazima niwaeleze ilivyokuwa. Picha ni chenga tupu. Mwimbaji hana uso, ana mdomo tu unaofunguka na kufungika katikati ya ukungu. Rangi ya nguo ya huyu imehamia kwa jirani yake. Kila baada ya muda mstari mweupe unapanda kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama fundi rangi anayepaka kioo kwa ndani, na taa za jukwaani zikiwaka zote pamoja hakuna unachoona ila shuka jeupe. Mzee wangu ni ule mti mrefu wa upande wa kushoto. Sauti nayo: mwimbaji anaimba kutoka ndani ya pipa, gitaa ni nyigu kwenye chupa, dramu ni mtu anayetupa sufuria ngazini.

Isipokuwa besi. Besi ilikuwa haina mpinzani. *Mmmmmm*, nzito, imetulia, tangu mwanzo mpaka mwisho, glasi zikitetemeka kabatini. Wimbo ukiisha, wenzake wote wakinyamaza, besi inaendelea. Wageni walipoliuliza hilo, mzee wangu alikunja mguu juu ya mguu.

"Huo ni mwangwi," anasema. "Besi iliyopigwa vizuri haikatiki kama uzi. Lazima ikae kidogo ukumbini."

Mimi huwa namimina chai na kutazama ndani ya birika. Kwa sababu mimi najua ile ni nini. Ile ni jenereta.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza chai kwenye jiko la ukumbi ule. Umeme wetu ulikuwa wa kukatika, kwa hiyo siku za shughuli waliwasha jenereta iliyofungwa nyuma ya ukuta wa jiko, ukuta wote ukawa unatetemeka na vikombe vikicheza vyenyewe kwenye sinia. Mpiga picha, ambaye kazi yake hasa ilikuwa harusi, alisimamisha kamera yake mlangoni pangu kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi. Kwa hiyo kamera ile ilikuwa karibu na jenereta kuliko na wanamuziki.

Soketi ukutani zilikuwa tatu. Moja aliichukua mpiga picha. Mbili zilikuwa na nyaya nyeusi zilizopita chini ya mlango kuelekea jukwaani. Birika langu la umeme, la lita ishirini, likakosa pa kuchomeka. Wimbo wa pili ulipokwisha, watu wakaanza kunijia, maji yenyewe ya vuguvugu.

"Kaka," nikamwambia mpiga picha, "hii plagi ni ya nini?"

"Sijui, dada," akasema, jicho halijatoka kwenye kamera. "Ing'oe tuone."

Nikaing'oa. Tukachungulia jukwaani wote wawili. Taa zinawaka, wimbo wa tatu umeanza, gitaa linalia, watu wanaruka. Hakuna kilichozimika.

"Si unaona?" akasema. "Hiyo ilikuwa ya bure."

Nikachomeka birika.

Baada ya onyesho, nikikusanya vikombe, niliufuata ule waya ili niujue mwisho wake. Ulipita chini ya mlango, ukapanda jukwaani, ukazunguka dramu, ukaishia nyuma ya amplifaya iliyoandikwa kwa chaki: BESI.

Sijamaliza kusoma herufi ya mwisho, nikasikia mtu nyuma yangu anaomba chai. Kijana mrefu, shati limelowa, macho yanang'aa kama aliyeshinda bahati nasibu. Akanywa kikombe kizima kwa mkupuo mmoja, akaniuliza, "Dada, umeisikiaje besi?"

Ningesema nini? Nikajigonga kifua. "Nimeisikia hapa." Na sikudanganya. Nilikuwa nimeegemea ule ukuta muda wote.

Miezi mitano baadaye tulioana. Ananiita Mama Chai mpaka leo.

Sasa basi. Mkwe wangu ni mtu mwema, ila ana ugonjwa wa vifaa. Televisheni yake ni kubwa kuliko mlango wa chumba changu. Ana spika tano zilizotawanywa sebuleni kama watoto walionuniana, na ya sita, kubwa kama sanduku la nguo, imewekwa chini peke yake. Kazi yake ni besi tu. Aliinunua, alivyosema, kwa heshima ya baba mkwe.

Mzee wangu alipokaribia kutimiza miaka sabini, mkwe aliiazima ile kanda akisema anataka kuitazama kwa utulivu. Nikafurahi, nikadhani wazimu unaambukiza. Kumbe aliipeleka kwa fundi wa video. Nilikuja kujua wakati kazi imekwisha.

"Mama," aliniambia kwenye simu, sauti ya chini ya mtu mwenye siri tamu, "fundi ameisafisha yote. Picha kama imepigwa jana. Na sauti sasa, mama! Ameondoa kelele zote za nyuma. Kila chombo kimejitenga, kila mtu utamsikia peke yake."

"Kila mtu?" nikauliza.

"Hata wanaoongea pembeni!"

Nilikaa kwenye kitanda. Nilichokiona mbele yangu ni mzee wangu, miaka sabini, amekaa mbele ya watu na spika sita, anajisikiliza hayupo. Na baada ya hapo sauti yangu mwenyewe ikiuliza habari za plagi. Mtu amepanga barua za watu maisha yake yote. Lake mwenyewe ni dakika arobaini na mbili tu. Nikimng'olea na hizo, atabaki na nini? Stempu?

Nikamwambia mkwe kwamba mzee hapendi mambo ya kusafishwa. Nikamwambia kanda ya zamani ikiguswa huleta mkosi. Nikamwambia macho ya mzee hayawezi mwanga mkali. Kila nilichosema, alicheka, akasema, "Mama, subiri Jumamosi."

Jumamosi alasiri tukaenda. Tulikuwa watano: mimi, mzee wangu ndani ya koti lake la kustaafu, binti yetu, mkwe, na Kishindo. Huyu Kishindo ndiye aliyepiga dramu kwenye lile kundi. Siku hizi anashona viatu na kichwa chake kimebaki kama yai, lakini mpe nafasi tu atakusimulia nywele alizokuwa nazo, mpira mzima wa nywele, wasichana wakiomba kuzishika. Yeye na mzee wangu wamechokozana tangu siku ile na hawajachoka.

"Besi," akasema hata kabla hajakaa, "leo ndiyo leo. Tutajua kama ulilipiga lile gitaa au ulilishikilia tu."

"Wewe leta masikio tu," mzee wangu akamjibu. "Kama bado yapo mawili."

Mkwe alikuwa jikoni anatafuta barafu. Nikaona nafasi yangu. Nikapita nyuma ya televisheni, nikainama kwa shida, nikakuta plagi sita zimepangwa kwenye mstari mmoja, zote nyeusi, zote pacha. Nikachagua moja, nikavuta.

Friji ikanyamaza.

"Mama?" binti yangu amesimama kichwani pangu. "Unatafuta nini huko nyuma?"

"Kijiko."

"Nyuma ya televisheni?"

"Vijiko vya siku hizi vinatembea, mwanangu."

Akaniinua kwa mkono, akairudisha plagi ya friji, akanikalisha karibu na baba yake kama mtoto aliyeharibu shughuli. Niliwahi kung'oa plagi moja kwa bahati mbaya ikanipa mume. Nikang'oa ya makusudi, nikaambulia kuyeyusha barafu.

Mkwe akafunga mapazia, akabonyeza rimoti.

Nisiwe mnafiki: picha ilikuwa nzuri. Mwimbaji ana uso! Tena ana chunusi. Shati lake, ambalo kwa miaka arobaini na moja mimi nasema jeusi na mzee wangu anasema kijani, lilikuwa la bluu. Nyuma kulikuwa na pazia lenye kiraka, na mtu wa mstari wa mbele alikuwa anakula karanga moja moja, hana habari na roki. Na kushoto, ule mti mrefu ukawa kijana. Mwembamba, mkanda wa gitaa umemkaa vibaya begani. Mzee wangu akaegemea mbele. Akajishika shingo, pale pale ambapo yule kijana alikuwa na shanga.

"Angalia," akasema taratibu. "Nilikuwa nimependeza."

Halafu sauti.

Ule muungurumo haukuwepo. Mahali pake palisikika kitu ambacho hakuna mtu duniani aliwahi kukisikia: besi ya mzee wangu. *Tu.* Kimya. *Tu-tu.* Kimya kirefu. *Tu?* Ilikuwa kama mtu anayetafuta ndala zake kwa miguu chini ya kitanda. Dramu zinakwenda huku, yeye anakwenda kule, wakikutana ni kwa bahati na hawasalimiani. Mkwe aliitazama rimoti, akaongeza sauti. Haikusaidia; sasa alikuwa anatafuta ndala kwa nguvu zaidi.

Wimbo wa pili ulipofika katikati, Kishindo alikohoa. "Besi, samahani. Huu ni wimbo wetu, au wewe ulikuja na wako?"

Mzee wangu alijivuta karibu na televisheni.

Wimbo ukaisha. Makofi. Na baada ya makofi, pale ambapo siku zote besi ilikuwa inaendelea, pakawa kimya safi, kimya cha maabara, vikombe vikigongana ndani yake kama kengele. Ndipo ikatoka sauti ya msichana, kutoka spika zote kwa pamoja, utadhani amekaa nasi kwenye kochi.

"Kaka, hii plagi ni ya nini?"

Vichwa vinne vikanigeukia. Uso wangu umezeeka, ila sauti, Mwenyezi Mungu, sauti ni ileile.

"Sijui, dada. Ing'oe tuone."

*Tok.*

Wimbo wa tatu ukaanza. Kijana mrefu wa kushoto alikuwa anaruka, anajipinda, vidole vinakimbia kwenye nyuzi kama kuku kwenye mchele, na hakutoka hata mlio mmoja. Spika kubwa ya chini imekaa pale, bubu. Mkwe akapiga magoti akaigusa kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa.

"Haifanyi kazi," akasema. "Mbona haifanyi kazi?"

Kishindo alikuwa ameshateleza kutoka kwenye kiti. "Shemeji!" Machozi yanamtoka. "Shemeji, ulimzima mtu! Ulimzima kama taa ya choo!"

Mkwe wangu, kwa kutaka kuokoa siku, akafanya kosa la mwisho. Akampigia fundi, akaweka simu mezani sote tusikie.

"Fundi, besi umeipeleka wapi?"

"Besi gani, bosi?"

"Ile iliyokuwa inaunguruma mwanzo mpaka mwisho."

"Aa, ile!" Fundi akafurahi kabisa, kama mtu anayesifiwa. "Ile siyo besi, bosi, ile ni jenereta. Ndiyo iliyonipa kazi, siku nne nzima. Lakini nimeing'oa yote, hata chembe huisikii, si ndiyo?"

 Binti yangu akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo siku ile ulimwambia baba umeisikia jenereta kifuani?"

"Mama ndiye aliyenifundisha!" akasema mkwe, mwanaume mzima, ananinyooshea rimoti.

Basi nikawa nimekamatwa mara mbili kwa kanda moja.

Mzee wangu akasema neno lake la kwanza tangu sauti ianze. "Rudisha nyuma."

Mkwe akarudisha. *Kaka, hii plagi ni ya nini?* "Tena." *Kaka, hii plagi ni ya nini?* "Tena." Akanisikiliza mara tatu, kichwa ameinamisha upande mmoja, hakuna hata mshipa usoni unaonieleza kitu. Kisha akasema, "Zima," akachukua kikombe chake, akatoka kibarazani.

Kishindo alikuwa ameacha kucheka. "Mfuate, shemeji," akanong'ona. "Mimi nilikuwa natania tu."

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na ndoo ya maua, anakoroga chai. Mzee wangu hatumii sukari. Nikasimama mbele yake. Miaka yote ile nilikuwa nimejipangia maneno ya siku hii, mazuri kweli, lakini yeye akaniwahi.

"Mama Chai," akasema. "Birika lako lilikuwa la lita ngapi?"

"Ishirini."

"Lilichemka?"

"Lilichemka."

"Basi si haba."

"Mzee, naomba unisamehe. Sikujua ni yako. Nilipojua ukawa umeshakuja kuomba chai, na ulikuwa na furaha…"

"Nikusamehe kitu gani?" Akaendelea kukoroga. "Mimi nilikuona."

Nikatafuta pa kukaa, nikakaa kwenye ngazi.

"Ile amplifaya ilikuwa na taa nyekundu juu," akasema. "Ikazimika. Nikageuka kuufuata waya, nikakuona mlangoni, plagi mkononi, birika pembeni. Na unajua nilijisikiaje? Umenisikia mwenyewe humo ndani. Nyimbo zote zilikuwa zimenifutika kichwani tangu tulipopanda jukwaani. Nilikuwa nabahatisha. Kishindo ananitazama kama anataka kunirushia fimbo za dramu. Nilikuwa naomba paa lianguke, watu wafe wachache tu, tuende nyumbani. Halafu taa ikazimika. Nikasema, kumbe Mungu ana wahudumu wake, na mmoja anauza chai. Ndiyo maana uliona nimeanza kuruka."

"Na ukaja kwangu…"

"Nilikuja kukushukuru. Nikaona nikuulize kwanza umeisikiaje besi, nione utasema nini. Ukajigonga kifua bila hata kupepesa. Nikasema, huyu ndiye."

"Na ule mwangwi? Miaka arobaini na moja unawaambia watu ni mwangwi!"

"Na wewe miaka arobaini na moja unawaambia umeisikia kifuani. Ningekukatalia mbele ya wageni?"

Akanywa chai yake yote, akanipa kikombe, akarudi ndani kumwambia Kishindo kwamba wapiga dramu hawajui chochote kuhusu muziki.

Mnaweza kudhani nililala vizuri siku ile. Mimi namjua mume wangu. Huyu ni mtu ambaye aliweza kuletewa bahasha yenye jina nusu na mtaa usiokuwepo, akaitazama, akaitafutia nyumba. Kazi yake ilikuwa hiyo. Sasa ameletewa habari nzito kama hii, mbele ya watu, naye akatoka nje akakoroga chai isiyo na sukari. Nilihesabu: mara kumi na moja. Mzunguko wa kumi na mbili akawa na jibu. Je, alikuwa anakumbuka, au alikuwa anaandika anwani?

Jumatatu asubuhi, binti na mumewe wakiwa kazini, nikaenda kwao kwa ufunguo wa akiba. Nikafunga mapazia, nikaiwasha ile video, nikaisogeza mpaka wimbo wa tatu. *Tok.* Nikabonyeza isimame.

Kijana mrefu alikuwa amegeuza kichwa. Macho yake, meusi, maangavu, kila kope mahali pake, yalikuwa yamenyooka kuelekea kwenye kamera na mlango wa jiko nyuma yake. Yalikuwa yananitazama mimi. Nikakaa pale na rimoti yangu, nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa, bado ananitazama. Mwanamke wa miaka sitini na mitano, nikajirekebisha kilemba.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini namba ya fundi ilikuwa kwenye karatasi pale mezani.

"Mwanangu," nikamwambia, "yule mpiga besi, wimbo wa tatu. Ana macho mazuri."

"Asante, mama."

"Mbona unashukuru wewe?"

Akacheka. "Mama, kusema ukweli, kwenye kanda hapakuwa na macho pale. Palikuwa na alama mbili nyeusi, kama matundu ya kifungo. Mashine ndiyo iliyoyajaza. Pasipoonekana, yenyewe inakisia."

"Inakisia mtu ana macho?"

"Na yanatazama wapi."

"Na kichwa? Kichwa kiligeuka kweli, au na chenyewe kilikisiwa?"

Nikasikia anabonyezabonyeza vitu vyake. "Hapo kwenye kanda kuna ule mstari mweupe unapita, mama. Siwezi kukuambia. Lakini ile mashine inakisia vizuri sana. Watu wengi hawajui tofauti."

Nikamwambia sina shaka, nami ninaishi na mtu anayekisia vilevile.

Kisha nikampa kazi. Picha aiache hivyo hivyo, asiguse hata kope. Sauti airudishe.

"Ya zamani? Na jenereta?"

"Yote. Kama una ya ziada, ongeza. Na yule msichana anayeuliza habari za plagi apotee humo humo."

 "Mama, hakuna mtu amewahi kuniletea kazi ya kuchafua."

"Umeoa?"

"Bado."

"Ukioa utawapata wateja wengi."

Alibaki Kishindo, ambaye kwa wiki nzima alikuwa anatengeneza viatu vya watu kwa simulizi ya plagi. Nikampitia kibandani kwake. Sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba picha mpya ni safi mno, na kwamba nikiwa peke yangu niliisimamisha kwenye wimbo wa tano, pale anapotikisa kichwa. Chini ya ule mpira wa nywele, nyuma ya sikio, inaonekana lastiki. Nyeupe. Pana kama ya soksi.

Kishindo akautazama mlango, halafu kiatu alichokishika. "Shemeji," akasema, "unataka nini?"

"Uje Jumapili."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kutimiza sabini. Sebule ilijaa: majirani, wastaafu wawili wa posta, wazazi wa mkwe. Mkwe akabonyeza rimoti. Picha ikatoka, inang'aa, shati la bluu, karanga, kiraka cha pazia. Na chini yake, kutoka kwenye lile sanduku lililokuwa bubu, ikapanda *mmmmmm* ambayo haijawahi kusikika hivyo hata siku ya onyesho. Sakafu ikanguruma. Vijiko vikatembea vyenyewe mezani. Nikamtazama binti yangu, naye akatazama pembeni. Mzee wangu alikaa mbele kabisa, vidole vinne vinacheza juu ya goti, na vilicheza sawasawa, havikupotea hata mara moja. Jenereta haina vituo vya kukosea.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Akageuka kwa wageni, akakunja mguu juu ya mguu.

"Mmeisikiaje besi?"

Kishindo alinitazama. Mimi nikajishika nyuma ya sikio, kama linaniwasha. Akajigonga kifua mpaka akakohoa.

"Hapa," akasema. "Nimeisikia hapa, ndugu yangu."

Kwenye televisheni, wanamuziki walikuwa wameshainama na kutoka jukwaani, na besi ilikuwa bado inaendelea.

"Mwangwi," mzee wangu akawaeleza.

Nikainuka kwenda kuchomeka birika. Safari hii niliuliza kwanza.